Siku ya Kwanza Barafu Haionekani



Vijana wenzangu wa Namungo, kuanzia Ruangwa mpaka Nachingwea, somo la leo ni 1 Wafalme 19:1-8. Ila kabla hujafungua Biblia, twende kwanza Kilimanjaro.

Huku kwetu ukitaja barafu, mtoto anafikiria ile ya ubuyu inayouzwa dukani. Ile ya Kibo wengi wetu tumeiona kwenye picha tu. Na bado mlima ule unatufikia kila mwaka: Mwenge wa Uhuru tunaoupokea wilayani asili yake ni ule ambao Luteni Alexander Nyirenda aliupandisha hadi kileleni, usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961. Kilele hicho kina mita 5,895, na barafu iko huko huko juu.

Sasa mtu anayeifuata barafu hiyo kwa njia ya Marangu, siku ya kwanza anafanya nini? Anatembea msituni. Basi. Anaanzia getini, mita 1,870 hivi, jioni anaishia vibanda vya Mandara, mita 2,700 na kidogo. Ni kama kilomita nane za miti mikubwa, mbega, matope na ukungu. Amelipa hela nyingi, ametoka mbali, na kile alichokifuata hakioni. Akilala usiku ule anachokumbuka ni viatu kuloa.

Kiongozi wake anarudia neno moja kutwa nzima: pole pole. Na wanaolidharau mara nyingi ni vijana wenye mazoezi. Kijana anajiona pumzi anayo, anawaacha wazee nyuma, halafu siku ya tatu au ya nne kichwa kinamgonga, anatapika, anateremshwa. Ugonjwa wa mwinuko hauangalii misuli. Mwili unahitaji muda wa kuizoea hewa nyepesi, na muda huo haununuliwi kwa mbio.

Halafu hajabeba kila kitu mwenyewe. Chakula na nguo za baridi vimebebwa na wagumu, ndivyo wapagazi wa mlima ule wanavyoitwa. Kanuni inasema mzigo wa mgumu usizidi kilo 20. Hakuna anayemcheka mgeni eti hajafika kwa nguvu zake.

Hata yule Mjerumani Hans Meyer, anayeandikwa kwamba ndiye wa kwanza kufika kileleni, hakufika kwa siku yake ya kwanza. Mwaka 1887 alikwama kwenye ukuta wa barafu, akarudi. Mwaka 1888 hata mlimani hakufika. Alikamatwa njiani wakati wa vita vya Abushiri, akaachiwa kwa fidia. Mwaka 1889 akaanza tena, safari hii na Ludwig Purtscheller, mtu aliyeizoea milima ya barafu ya Ulaya. Tarehe 3 Oktoba walifika ukingoni mwa kreta, saa zikawa zimekwenda, wakageuka. Walisimama kileleni tarehe 6. Waliwezaje kujaribu tena baada ya siku tatu tu? Kwa sababu walipanga chakula kiwe kinapandishwa kutoka Marangu. Wapagazi walipanda na kushuka, na huko juu kwenye baridi alibaki nao Mswahili wa Pangani, Muini Amani. Mtu wa pwani kama sisi, fikiria! Mimi huyu ndiye ninayempenda kuliko wote katika habari hiyo.

Haya, sasa fungua Biblia. Eliya ametoka kushinda Karmeli, Yezebeli anamtafuta amuue, naye anakimbia. Anamwacha mtumishi wake Beer-sheba, anaingia jangwani peke yake. Angalia aya ya 4: ametembea siku moja tu. Siku moja! Nabii aliyeshusha moto mbele ya watu wote anakaa chini ya mti, anamwomba Mungu amtoe roho, halafu analala.

Mungu hamkaripii. Anamtuma malaika na mkate na mtungi wa maji. Eliya anakula, na badala ya kuondoka analala tena. Malaika anarudi mara ya pili, anamgusa, anamwambia ale, maana safari ni kubwa kuliko uwezo wake. Kwa chakula hicho akatembea siku arobaini, usiku na mchana, mpaka Horebu.

Nimewaza hili kwa sababu ya jambo tunaloambiana sana baada ya jumuiya, kwa sauti ya chini. Jumatano ya Majivu mtu ameamua: mwaka huu sibeti tena. Alhamisi jioni mkeka umeshawekwa. Ijumaa haji Njia ya Msalaba, anaona aibu. Ukimuuliza anasema, "Mimi nimeshindikana, acha tu." Mwingine ni pombe, mwingine ni picha za kwenye simu, mwingine ni kurudi chuo alikokatiza. Wote wanahesabu hivi: kama siku ya kwanza nimeanguka, basi safari si yangu.

Lakini Eliya naye siku yake ya kwanza iliishia chini ya mti. Kilichomwinua ni chakula alicholetewa, na alipewa mara mbili. Sisi chakula hicho tunacho altareni, na kabla yake tuna Kitubio. Unayeona aibu kurudi kwa padre na dhambi ile ile ya wiki iliyopita, kumbuka malaika hakumuuliza Eliya kwa nini amelala tena.

Wiki hii soma aya hizo nane mara mbili, ya pili taratibu, na uandike chini ni nini hasa unachokibeba peke yako wakati yupo wa kukusaidia. Mtafute mtu mmoja umwambie: mlezi wa VIWAWA, shangazi, rafiki asiyebeti. Kisha nenda kaungame kabla ya Dominika. Kama kigangoni kwenu padre hafiki kila wiki, mpigie katekista leo umuulize anakuja lini.