Mti wa Dukani: Kagua Udongo Kabla ya Kumwagilia

Mti uliopandwa ndani ya duka, benki au saluni huko Buruburu, Umoja au Donholm mara nyingi haufi kwa kiu, bali kwa maji mengi. Kila mfanyakazi anayepita humwagia kikombe, na mizizi hukosa hewa ikaoza. Mpe mtu mmoja kazi hiyo na ubandike ratiba ukutani.

Kila wiki: Ingiza kidole kwenye udongo. Ukiwa na unyevu, ngoja. Ukiwa mkavu, mwagilia hadi maji yatoke chini, kisha mwaga yanayobaki kwenye sahani ya chungu, kwani maji yaliyotuama huzalisha mbu. Siku za mgao, maji yaliyooshea mboga bila sabuni yanafaa.

Kila mwezi: Pangusa vumbi kwenye majani kwa kitambaa chenye unyevu, tafuta wadudu upande wa chini, na ugeuze chungu ili kila upande upate mwanga.

Kila mwaka: Mizizi ikijaa, hamishia mti kwenye chungu kikubwa kidogo.

Katika baridi ya Juni hadi Agosti mti hunywa kidogo. Kwa hivyo, wakaazi, tarehe ya ratiba ni ya kukagua. Udongo ndio utakaoamua kama utamwagilia.