KUITAMBUA NYOTA ILIYOLIPUKA KWA NURU YAKE

Hebu fikiria uko nje usiku wa giza totoro, na ng'ambo ya bonde unaona mwanga hafifu. Je, ni koroboi iliyo karibu ama ni karabai iliyo mbali? Ukikosea aina ya taa, basi umekosea umbali pia. Shida hii ndiyo inayowakabili wanaastronomia kila wanapogundua supanova, yaani nyota iliyolipuka. Hakuna awezaye kuiendea, kwa hivyo kazi yote ni kuihoji nuru yake.

Nuru huhojiwa vipi? Katika somo la fizikia tunapitisha mwanga wa jua kwenye mche wa kioo, nao unatawanyika kuwa rangi za upinde wa mvua. Mpangilio huo wa rangi ndio spektra. Kila elementi huacha alama mahali pake katika spektra, kama vile kila mtu ana alama zake za vidole. Haidrojeni, kwa mfano, huacha alama katika rangi nyekundu, kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 656.3.

Mwaka wa 1941 Rudolph Minkowski aliziweka supanova katika makundi mawili. Baadaye kundi la kwanza liligawanywa tena. Sasa, mtaalamu akishaondoa athari ya mwendo wa galaksi yenyewe, hujiuliza hivi:

1. Je, haidrojeni ipo? Ikiwapo, hiyo ni Aina II: nyota kubwa ambayo kiini chake kimeporomoka kwa uzito wake.

2. Ikiwa haipo, je, kuna alama nzito ya silikoni karibu na nanomita 615? Ikiwapo, ni Aina Ia: nyota kibete nyeupe iliyolipuka yote.

3. Silikoni hiyo haionekani lakini heli ipo? Ni Aina Ib.

4. Hata heli haionekani? Ni Aina Ic. Ib na Ic ni nyota kubwa zilizopoteza tabaka zao za nje kabla ya kulipuka.

Utauliza, mbona alama ya silikoni katika maabara iko kwenye 635.5, na hapa tunasema 615? Ni kwa sababu gesi inatujia mbio, mawimbi yake yakabanwa. Tupige hesabu: 635.5 toa 615 ni 20.5. Gawanya kwa 635.5, kisha zidisha kwa kasi ya nuru, kilomita 300,000 kwa sekunde. Jibu ni karibu kilomita 9,700 kwa sekunde! Kwa kasi hiyo ungetoka Nairobi hadi Mombasa na kurudi mara kumi kabla ya kumaliza kusema "shikamoo".

Lakini haraka haraka haina baraka. Mnamo Machi 1993 supanova iliyopewa jina SN 1993J ilionekana katika galaksi ya M81. Spektra za kwanza zilionyesha haidrojeni, ikaitwa Aina II. Baada ya wiki chache haidrojeni ilififia na heli ikajitokeza wazi, kama Ib. Kumbe nyota ile ilikuwa imebakiwa na tabaka jembamba tu la haidrojeni! Ikawekwa katika kundi la IIb. Ndiyo maana spektra moja pekee haitoshi kila mara.

Je, haya yote yana faida gani? Aina Ia ndiyo karabai yetu, kwani mwangaza wake halisi waweza kukadiriwa vyema. Kwa kutumia supanova hizo, mwaka wa 1998 wanasayansi walitangaza kwamba upanukaji wa ulimwengu unazidi kushika kasi, na mwaka wa 2011 wakatunukiwa Tuzo ya Nobel. Supanova za Ic kwa kawaida huwa hafifu kuliko Ia. Ukiiita Ic kuwa Ia, utadhani iko mbali kuliko ilivyo, na kipimo chako cha ulimwengu kitaharibika.

Zoezi: Katika spektra ya Aina II, alama ya haidrojeni imesogea kutoka 656.3 hadi 634.4. Gesi inatujia kwa kasi gani? Ukipata karibu kilomita 10,000 kwa sekunde, hongera, umeelewa somo. Usipopata, rudia hesabu ya silikoni polepole, maanake njia ni ile ile.