Somo: Shule Yetu na Matofali Yetu

Wakatekumeni wapendwa, mmoja wenu aliniuliza baada ya somo: «Serikali imesema shule ya msingi ni bure; mbona tena twaombwa matofali?» Swali hilo ni jema, wala halifai kujibiwa kwa hasira.

Shule za misioni zilichukuliwa na Serikali mwaka 1974. Kwa mapatano ya tarehe 26 Februari 1977 Kanisa lilikabidhiwa tena kuziongoza, ila zahesabiwa kuwa shule za umma, na mishahara ya walimu ni juu ya Serikali. Ibara ya 43 ya Katiba ya mwaka 2006 yasema shule ya msingi ni bure. Neno hilo lilianza kutimizwa kweli mwezi wa Septemba 2019. Kabla ya hapo wazazi walilipia walimu, na mtoto wa maskini alirudishwa nyumbani mbele ya wenzake. Basi tumshukuru Mungu. Lakini watoto walifurika, madarasa hayakuongezeka kwa kadiri hiyo, na walimu wengi walifundisha pasipo kuandikwa katika orodha ya mishahara.

Shirika litoe nini? Kwanza nguvu za mikono. Hapa Fungurume vichuguu ni vingi, na udongo wake wafaa sana kwa matofali. Wakati wa kiangazi, kabla ya shule kufunguliwa, wenye nguvu wafyatue, wengine watafute kuni, wengine walete maji. (Waume wasikae kivulini wakihesabu ndoo za wake zao, nimeyaona hayo.) Mwalimu asiye na mshahara naye asaidiwe kwa mahindi, ama alimiwe shamba.

Lakini angalieni: sadaka isigeuke kuwa ada. Mtume Paulo aliwaagiza Wakorinto kila mtu aweke akiba siku ya kwanza ya juma, kwa kadiri ya mapato yake. Hakusimama mlangoni kuwafukuza wasio na kitu. Mtoto asiulizwe darasani kama baba yake ameleta tofali. Anayemfukuza kwa ajili hiyo avunja sheria, hata akiwa katekista.

Wala matofali yetu hayafuti deni la wengine. Shaba na kobalti zachimbwa karibu nasi. Kanuni ya Madini, iliyorekebishwa mwaka 2018, yaagiza sehemu 15 kwa 100 za ushuru wa madini ziende kwa utawala wa mahali yachimbwapo, na kampuni itenge walau 0,3 kwa 100 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Wazee wa shirika wakienda pamoja na mkuu wa kijiji kuuliza darasa litajengwa lini, huo si uasi.

Tena kuna habari ya makuta. Paulo alipokusanya mchango kwa ajili ya Yerusalemu, alituma ndugu wengine pamoja na Tito, asije akalaumiwa. Nasi fedha za shule zishikwe na watu watatu, na daftari lisomwe kwa sauti baada ya Misa, hata kama ni kidogo. Asiyejua kusoma apewe nafasi ya kuuliza kwanza.