Samadi na Maji ya Mfereji

Katika miteremko ya Kilimanjaro, ambako ng'ombe hulishwa bandani kwa majani yanayokatwa na kubebwa kichwani, samadi ni mali. Mgomba usioipata hudhoofu, na mbuni hukosa nguvu ya kuzaa. Lakini mali hiyo hiyo, ikihama shinani mwa mgomba ikaingia katika mfereji upitao uani, huwa dhara kwa watu wa chini wasioona ilikotoka.

Siku ya kuiogopa zaidi ni ile ya mvua kubwa ya kwanza ya masika, kwa sababu lundo lililokaa kiangazi kizima nyuma ya banda, likipigwa na mvua hiyo, huchuruzika maji meusi yanayopenya nyasini, yakashuka mferejini, na kabla ya jua kuchwa yamekwisha fika mtoni. Kesho yake mama huteka ndoo, akaiacha itulie hata tope lizame, na aonapo maji meupe juu hudhani yametakata. Weupe, ndugu msomaji, si twahara. Mwezi wa Mei 2000, katika mji mdogo wa Walkerton nchini Kanada, mvua iliingiza samadi ya ng'ombe katika kisima cha mji, na kwa kuwa klorini haikutiwa ya kutosha, watu 7 walifariki na zaidi ya 2,000 waliugua kuhara, wengine kuhara damu. Na vimelea vilivyoleta kuhara huko hukaa tumboni mwa ng'ombe mwenye siha njema, asionyeshe dalili yoyote ya maradhi.

Basi maji ya kunywa na yachemshwe mpaka yatokote kwa dakika 1 kamili, au 3 kwa wakaao juu ya mita 2,000. Klorini husaidia, ila kimo kimelea kiitwacho kriptosporidiamu, kitokacho sana katika kinyesi cha ndama, ambacho kipimo cha kawaida cha dawa hiyo hakikiui; moto hukiua. Hata hivyo moto nao una mpaka wake: naitreti itokayo katika samadi haiondoki kwa kuchemsha, bali huzidi ukali kwa kadiri maji yanavyopungua sufuriani, nayo humdhuru mtoto mchanga anyweshwaye maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji hayo, kwa kuizuia damu yake kubeba hewa.

Kwa hiyo kazi kubwa ni ya bandani, si ya jikoni. Samadi iwekwe shimoni, mbali na mfereji, ifunikwe kwa majani ya migomba, na ichanganywe na udongo mara imwagwapo shambani, wala isimwagwe wingu likiwa limetanda. Makinga maji yapandwe mabingobingo, yazuie maji yatiririkayo, na ng'ombe wapate kula. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 nchini Tanzania imezuia shughuli za kudumu, au ziwezazo kuharibu mto, ndani ya mita 60 za ukingo wake. Nao ng'ombe wanyweshwe horini, maana aingiaye mtoni hunywa na kunya papo hapo.