SOMO: Nukta na Mistari katika Ushirika Wetu

Ndugu wanachama, chukueni kalamu na karatasi, maana somo hili halisomeki kwa macho matupu. Wekeni nukta saba na kuzipa majina: Babati, Dareda, Katesh, Basotu, Haydom, Dongobesh na Mbulu. Kisha ziunganisheni kwa mistari kufuata barabara: Babati na Dareda, Dareda na Katesh, Katesh na Basotu, Basotu na Haydom, Haydom na Dongobesh, Dongobesh na Dareda, na mwisho Dongobesh na Mbulu. Urefu na ubovu wa njia tuuache kando. Tutafutalo ni nani ameungana na nani. Wanahisabati huuita mchoro wa namna hii grafu. Elimu yake ilianza mwaka 1736, Leonhard Euler alipothibitisha kwamba hakuna awezaye kuyavuka madaraja saba ya mji wa Königsberg yote, kila moja mara moja tu.

Tazameni mchoro. Dareda, Katesh, Basotu, Haydom na Dongobesh zimefanya pete. Mstari mmoja wa pete ukikatika, hakuna atengwaye: lori la mahindi litazunguka upande wa pili. Mbulu, lakini, inaning'inia kwa mstari mmoja, na Babati vivyo hivyo. Ongezeni sasa barabara ya Magara, ile inayopanda ukingo wa Bonde la Ufa, iwe mstari kati ya Babati na Mbulu. Nukta zote mbili zimeingia katika pete kwa mstari mmoja tu! Wala huu si mchezo wa karatasi. Tarehe 3 Desemba 2023 matope kutoka Mlima Hanang yaliporomoka hadi mji wa Katesh na vijiji jirani, yakaua watu na kuziba barabara. Siku hiyo swali la njia ya pili halikuwa la mwalimu wa hesabu.

Geuzeni karatasi. Safari hii mistari si barabara, bali ni njia za fedha, mazao na habari. Chama kikuu kiko katikati, vyama vya msingi vimekizunguka, kila kimoja kwa mstari wake. Hiyo ni nyota. Nyota ina faida zake: mistari ni michache, hesabu ziko mahali pamoja, na bei hupatanwa kwa sauti moja. Udhaifu wake uko katikati. Mwezi Mei 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu, na mamlaka za mazao zikawa zinanunua kutoka vijijini. Futeni nukta ya katikati mwone: katika nyota jirani hawana mstari baina yao, basi kila mmoja hubaki akimkabili mnunuzi peke yake. Sheria ya mwaka 1982 iliirudisha nukta ya katikati. Mistari ya pembeni, kwa maoni yangu, ni kazi ya vyama vyenyewe.

Hatusemi kila chama kiungane na kila chama. Vyama 20 vingehitaji mistari 190, na posho za mikutano zingekula mazao ya msimu mzima. Pete huhitaji mistari 20 tu: kila chama kiwe na jirani wawili wa kupashana bei, kuazimana mizani na magunia, na kukodi lori kwa pamoja.

Nyota iliyo hatari kuliko zote ni ile iliyomo ndani ya chama cha msingi. Mkulima hupima mazao, stakabadhi huandikwa na katibu, kitabu hukaa kwa katibu, fedha hulipwa na katibu, na taarifa ya kamati husomwa na katibu. Huenda ni mtu mwaminifu kabisa. Hata hivyo, akiugua wiki mbili wakati wa mavuno, mkulima na kamati hawana mstari baina yao. Na akikosea kilo, hakuna njia ya pili ya kulijua kosa.

Zoezi: Kabla ya mkutano ujao, kila kamati ichore nukta za mkulima, mpima mizani, katibu, mweka hazina, kamati na chama kikuu, pamoja na mistari iliyopo kweli, si ile iliyoandikwa katika masharti ya chama. Kisha funikeni kila nukta kwa kidole, moja baada ya nyingine, na kuandika ni nani aliyetengwa na fedha zake.