Unapolijua Somo Kuliko Darasa Zima



Kijana mwenzangu, leo naomba tuongee kuhusu kuboeka darasani. Simaanishi kuboeka kwa sababu somo ni gumu na umeshalikatia tamaa. Namaanisha kinyume chake: umekaa kwenye kipindi, mwalimu anafundisha kitu ulichokijua miaka miwili iliyopita, na kila dakika inajikokota kama saa nzima. Kabla hujaendelea, chukua Biblia yako, fungua Injili ya Luka 2:41-52, uiache wazi hapo pembeni. Tutairudia.

Mimi lilinikuta kwenye Kompyuta, kidato cha pili. Nilipomaliza darasa la saba nilikaa kwa mama mdogo nikisubiri matokeo, na mama mdogo alikuwa na steshenari karibu na ofisi za halmashauri. Si unajua kazi za steshenari: kutoa kopi, kuskani vyeti, kuandika barua za maombi ya kazi, hati za kuuziana viwanja, ratiba ya mazishi inayotakiwa ndani ya nusu saa kwa sababu msafara unaondoka. Kule hakuna wa kukukalisha chini akuambie "hii ni kibodi". Mteja amesimama. Kufikia Desemba nilikuwa naandika bila kutazama vidole, napanga majedwali, na orodha ya majina mia mbili naiingiza kwenye kadi mia mbili za michango ya harusi kwa mpigo mmoja. Baadaye nikapata kitabu cha Python kwenye simu ya binamu yangu, nikaanza kuandika programu ndogo ndogo za kukokotoa wastani wa maksi.

Halafu nikaingia kwenye chumba cha kompyuta cha shule. Tulikuwa wanafunzi 52, kompyuta zinazowaka 11, vipindi viwili mfululizo kwa wiki, jumla dakika 80. Mwezi wa kwanza wote tulichora kompyuta kwenye daftari. Kuchora kabisa, kwa penseli na rula, kisha kuandika majina ya sehemu zake. Mwezi wa pili tukajifunza kuiwasha na kuizima. Mwalimu alikuwa wa Fizikia, Kompyuta alipewa tu kwa sababu hapakuwa na mwingine.

Siku moja akanyoosha kidole kwenye lile boksi lililo chini ya meza, akasema hiyo ndiyo CPU. Watu wengi huliita hivyo, hata baadhi ya mafundi. Lakini CPU ni kipande kidogo tu kilicho ndani ya boksi, juu ya ubao mkuu, chini ya feni. Mimi sikunyoosha mkono. Nikasema kwa sauti, "Sir, hilo ni boksi tu, CPU iko ndani. Labda tukufungulie uione." Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akanyamaza, akafuta ubao polepole, akaendelea na somo.

Nilikuwa sahihi. Hapo ndipo palipo na mtego, maana ukiwa umekosea ni rahisi kutubu, lakini ukiwa sahihi utatubu nini? Usiku ule bwenini nilisifiwa sana. Nikalala vizuri.

Ila kosa kubwa halikuwa hilo. Kwenye kompyuta yetu tulikuwa watano, na mimi ndiye niliyeshika kipanya. Hakuna aliyenichagua. Mwalimu akitoa zoezi, andikeni aya moja, mlisevu faili, mlifungue tena, mimi nilimaliza kwa dakika mbili, nikageuza kiti nikaanza kupiga stori. Kulikuwa na mwenzetu mmoja anayekaa upande wa dirishani, mtoto wa kijijini, hajawahi kugusa kompyuta. Wiki ya kwanza alijaribu. Akakishika kipanya kwa mikono miwili, kama mtu aliyeshika kifaranga, mshale ukamkimbia mpaka pembeni mwa skrini. Nikakinyang'anya. "Lete huku, unatuchelewesha." Hakujaribu tena.

Mwisho wa muhula likaja jaribio la vitendo, mtu mmoja mmoja mbele ya mwalimu. Yule wa dirishani alikaa mbele ya mashine bila kujua pa kuanzia. Aliambiwa afungue programu, aandike jina lake, asevu. Akaandika jina, herufi moja moja kwa kidole kimoja, kisha akabaki anaitazama skrini. Muda ukaisha. Alitoka nje analia, na kwenye ripoti iliyokwenda kwa wazazi wake, ambao walikuwa wameuza mbuzi ili alipe michango ya shule, kulikuwa na F.

Nilipiga hesabu, na naomba uipige nami. Dakika 80 gawanya kwa watu watano ni dakika 16 kila mmoja. Kwa wiki 12 hizo ni dakika 192, zaidi ya saa tatu. Zile saa tatu zilikuwa zake. Shule ilimpa, wazazi wake walizilipia, na mimi nilizichukua zote na wala sikuzihitaji. Nilizitumia kupigia stori.

Nilikwenda kuungama kabla ya Pasaka. Siri ya kitubio inamfunga padre, mimi mwenyewe ruhusa ninayo ya kusema yangu. Nilitaja kiburi, nilitaja dharau kwa mwalimu, kisha nikasema, "Padre, nadhani nimeiba muda wa mwenzangu." Nilitegemea aseme hilo siyo kuiba, ni utoto. Hakusema hivyo. Aliuliza tu, "Umesharudisha?"

Unajua Kanisa linafundisha nini kuhusu amri ya saba: aliyeiba hatoshi kujuta, anatakiwa kurudisha alichochukua. Pesa unairudisha. Kuku unamrudisha. Dakika je? Nilitoka kwenye kile kiti na swali hilo, na kwa kweli liliniudhi.

Sasa turudi kwenye Luka. Yesu ana miaka kumi na miwili, yuko hekaluni katikati ya walimu. Mara nyingi tunakumbuka kwamba wote walishangazwa na majibu yake. Lakini soma tena mstari wa 46 uone anafanya nini kwanza: anasikiliza, na anauliza maswali. Huyu ni yeye ambaye ile Sheria inayojadiliwa imetoka kwa Baba yake! Kama kuna mwanafunzi duniani aliyekuwa na haki ya kusema "hili nalijua", ni yule. Naye anasikiliza. Kisha mstari wa 51: akashuka pamoja nao mpaka Nazareti, akawa anawatii. Alishuka kutoka kwa wataalamu wa Yerusalemu akarudi kwenye kijiji kidogo. Luka 3:23 inatuambia alianza kazi yake akiwa na umri wa kama miaka thelathini. Hiyo ni miaka kama 18 kijijini, ambayo Injili haituelezi chochote zaidi ya kwamba aliendelea kukua katika hekima. Mimi nilishindwa dakika 80 kwa wiki.

Mtu mwingine aliyenisaidia ni Mtakatifu Tomaso wa Akwino, msimamizi wa shule za Kikatoliki. Alipokuwa kijana Mdominiko akisoma chini ya Mtakatifu Alberto Mkuu, alikuwa mnene, mkimya, haongei darasani. Wenzake wakampa jina la utani, fahali bubu. Wasimulizi wa maisha yake wanaeleza kwamba mwanafunzi mmoja alimwonea huruma, akajitolea kumsaidia kurudia masomo. Tomaso akakubali na kumshukuru. Wakaanza. Walipofika mahali pagumu, yule mwalimu wa kujitolea akakwama, na Tomaso akaeleza lile somo taratibu, vizuri kuliko lilivyofundishwa darasani. Kinachonigusa ni pale mwanzoni. Alikubali kufundishwa anachokijua, na hakumwambia mwenzake "unanichelewesha".

Usinielewe vibaya hapa. Wapo vijana wanaodhani unyenyekevu ni kujifanya hujui. Huo ni uongo, na uongo ni dhambi. Tomaso huyohuyo anafundisha kwamba mtu anaweza kujiona anastahili mambo makubwa akitazama vipaji alivyopewa na Mungu, na papo hapo akajiona mdogo akitazama upungufu wake mwenyewe. Anaongeza kwamba tuheshimu kile cha Mungu kilichomo ndani ya mwenzetu. Mimi nilikuwa najua kompyuta, ni kweli, na kusema sijui ingekuwa unafiki. Nilichokuwa sikioni ni kwamba yule wa dirishani naye alikuwa amepewa kitu.

Nilikiona mwezi wa tano. Nilikwenda kwanza kwa mwalimu, wakati wa mapumziko, peke yangu. Hivyo ndivyo Mt 18:15 inavyotuelekeza tunapokuwa na jambo na mtu, na hivyo ndivyo nilivyopaswa kufanya siku ile ya CPU. Kosa la darasani lazima lisahihishwe, wenzako watakuja kuulizwa kwenye mtihani. Lakini lilikuwa linaweza kusubiri dakika 20 mpaka kengele. Nikampa shikamoo, nikaomba msamaha, nikamwomba funguo za chumba cha kompyuta Jumamosi mchana. Alinitazama muda mrefu. Akasema yeye alipata mafunzo ya wiki mbili tu, na kwamba usiku wa kuamkia kila kipindi alikuwa anasoma mpaka saa sita. Sikuwa nimewahi kuwaza hilo. Jumamosi akaja mwenyewe kutufungulia.

Nilikaa nimeweka mikono nyuma ya mgongo. Kweli kabisa, nilijishika vidole, maana vilikuwa vinawasha. Mwenzangu alichukua karibu nusu saa kuandika sentensi mbili. Nilichoka, nisikudanganye. Kisha akauliza swali.

"Kabla sijasevu, haya maneno yanakaa wapi? Mbona nayaona?"

Nikajibu, "Kwenye skrini." Akasema, "Hapana, ukizima skrini peke yake na kuiwasha tena bado yapo. Lakini umeme ukikatika yanapotea. Kwa hiyo yalikuwa wapi?"

Sikujua. Miaka yote ile kule steshenari nilikuwa nabonyeza kusevu kila baada ya mstari kwa sababu mama mdogo alinifundisha kuogopa umeme, basi. Jibu lilikuwa kwenye nukuu za mwezi wa kwanza, zile ambazo sikuziandika kwa sababu "nazijua": maneno yanakaa kwanza kwenye kumbukumbu ya muda, RAM, na kusevu ni kuyahamishia kwenye diski ambako yanabaki hata mashine ikizimwa. Tukamwita mwalimu, naye akafurahi kuliko nilivyowahi kumwona, maana sasa tulikuwa tumeingia kwenye Fizikia. Akatuchorea ubaoni. RAM ya kawaida ina vihifadhi chaji vidogo sana, mamilioni kwa mamilioni, na kila kimoja kinavuja kama ndoo yenye tundu. Mashine inalazimika kuvijaza upya mara nyingi kila sekunde. Umeme ukikatika hakuna wa kujaza, ndoo zinakauka, barua yako imekwenda. Nilikuwa nimemcheka mtu huyu mbele ya watu 51.

Tuliendelea Jumamosi saba. Dakika 192 zilitimia mapema tu, ila sikumwambia kwamba nazihesabu. Darasani vipindi vilibaki vilevile, na kuna siku bado nilipiga miayo. Tofauti ni kwamba kipanya kilizunguka kwa zamu, na mwalimu alianza kunipa kazi yangu pembeni.

Na hilo nalisema kwako unayeboeka sasa hivi: kuchoka na somo dogo si dhambi. Akili ni kipaji na inataka chakula. Nenda kwa mwalimu, tena mapema, umwambie kwa heshima kwamba umeshafika hapo, umwombe kazi ngumu zaidi. Akikosa ya kukupa, jitafutie baada ya vipindi. Mtakatifu Carlo Acutis, aliyefariki 2006 akiwa na miaka 15 na kutangazwa mtakatifu Septemba 7, 2025, alijifunza mwenyewe mambo ya kompyuta kwenye vitabu vya ngazi ya chuo kikuu, akayatumia kutengeneza tovuti ya parokia yake na ile ya miujiza ya Ekaristi. Watu wakimtaja hutaja kipaji. Mimi najiuliza zaidi alikuwa anakaaje darasani.

Kwa wale mtakaosoma hili pamoja kwenye TYCS au kwenye jumuiya, msianze na maswali ya jumla. Someni Luka 2:41-52 kwa sauti, mara mbili, wasomaji wawili tofauti. Kisha kila mmoja ataje somo au kazi moja ambako yeye ndiye mwenye kipanya: jikoni, kwaya, Hisabati, mpira. Nani yuko upande wa dirishani? Amekosa zamu yake mara ngapi tangu Januari? Kama mnaweza, pigeni hesabu ya dakika. Anayeongoza kikundi aanze na yake.