Kiungulia kwa Mgonjwa wa Moyo

Ikiwa unatumia dawa za moyo na kifua kinakuwaka moto kila usiku, usiache dawa kabla ya kusoma haya.

Mama mmoja wa hapa Kitengela alikuja kwangu amekonda. Mshipa wa moyo wake ulikuwa umezibuliwa na kutiwa kibomba kidogo cha waya, akapewa aspirini na klopidogreli ili damu isigande. Baada ya miezi miwili tumbo likaanza kumchoma. Akaacha chapati, akaacha maharagwe, akawa analala ameketi. Mwishowe akaacha aspirini. Hapo ndipo niliposhtuka, maana kibomba hicho huweza kuziba ghafla dawa zikiachwa.

Aspirini hudhoofisha kinga ya ukuta wa tumbo, asidi ikauchubua hadi kidonda kikatoka damu. Ukiona choo cheusi kama lami, usingoje kesho. Kwa sababu hiyo sisi madaktari huongeza dawa ya kupunguza asidi, hasa kwa wazee na waliowahi kuugua vidonda vya tumbo. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2010 ulionyesha kwamba omeprazoli ilipunguza kutokwa na damu tumboni kwa wagonjwa waliotumia aspirini na klopidogreli.

Mbona basi usijinunulie tu dukani? Klopidogreli haifanyi kazi mpaka ini liibadilishe, nayo omeprazoli huzuia kazi hiyo. Mwaka wa 2009 wakuu wa dawa wa Marekani walionya dawa hizo mbili zisitumiwe pamoja. Utafiti niliotaja haukuona mashambulizi ya moyo yakiongezeka, lakini shaka haikuisha, kwa hiyo wengi wetu huchagua pantoprazoli. Muuza dawa hawezi kujua una kibomba moyoni usipomwambia. Mwonyeshe pakiti zako zote, hata za dawa za miti shamba.

Tena, si kila moto wa kifua ni asidi. Ukikushika unapopanda ngazi na kutulia ukipumzika, mwone daktari upesi. Ukienea mkononi au kwenye taya huku jasho likikutoka, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Wewe unayekaa mbali na mji wa Kajiado, tafuta gari usiku huo huo. Usimeze magadi ukingoja kuche.

Yule mama amerudia aspirini yake, na pantoprazoli humeza nusu saa kabla ya chai ya asubuhi. Chapati anakula. Pilipili bado tunabishana.